"Fracture" si kuvunjika tu

Ukifika Kidichi, pita kwanza kwenye mahamamu aliyoyajenga Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Tazama mapambo ya chokaa ukutani. Kisha toka, nenda kwenye mikarafuu. Hebu jiulize: hapa kipi ni "fracture"?

Kwa Kiingereza cha wahandisi, karibu kila kinachoharibika. Kwa Kiswahili, sivyo. Ukuta hufanya ufa. Lipu hubanduka, au humeguka. Tawi la mkarafuu likivutwa vibaya hukwanyuka, likaondoka na ganda la shina. Kamba ya mchumaji hukatika. Mwenyewe akianguka, mguu huvunjika; akibahatika, huteguka tu.

Sasa ona tunavyofanya sisi tunaoandika sayansi, nami nimo: kila "fracture" tunaiandika "kuvunjika", basi. Hapo tunatupa taarifa. Kubanduka ni tabaka mbili kuachana. Kukwanyuka kunakwambia tawi limeachia kwenye panda, siyo katikati. Mhandisi hutafuta tofauti hizohizo kwa hesabu, na sisi tunazo mdomoni.

Kubwa zaidi ni ufa. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alichapisha utafiti ulioonesha kuwa kioo huwa dhaifu kwa sababu ya nyufa ndogo mno, na kwamba ufa ukipita urefu fulani huendelea wenyewe bila kuongezewa mzigo. Wahenga walishasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ni mwanzo, kuvunjika ni mwisho. Tukiviita jina moja, tunaficha muda wa kutengeneza ulio katikati.

Hospitali nako, mtu akiambiwa ana "fracture" hushukuru: afadhali, sijavunjika! Kumbe kwa madaktari neno hilo linajumuisha ufa mwembamba na mfupa uliotoka vipande viwili. Aelezwe ni upi, maana asipoelewa ataukanyagia.

Utasema istilahi lazima iwe moja. Sawa, "mvunjiko" ubaki kuwa jina la jumla. Na nakiri, vitenzi vyetu si istilahi tayari: "kupasuka" kunabeba puto, ukuta na kisigino, vitu vitatu visivyofanana. Kazi ya kuvichuja ipo. Lakini tuianze kwa kumsikiliza mchumaji wa karafuu, siyo kwa kufungua kamusi na kuchukua neno la kwanza.

Wewe je, kwenu kipi hukwanyuka na kipi humeguka?