Kope la Juu Linapolijenga la Chini

Saratani ikishakatwa kwenye kope la chini, ukubwa wa pengo ndio unaoamua kazi. Pengo la robo ya kope hufungwa kwa kuvuta kingo mbili na kuzishona. Kwa mzee ambaye ngozi imelegea, hata theluthi hufungika. Likizidi nusu, mara nyingi daktari hugeukia mbinu aliyoieleza Wendell Hughes wa Marekani mwaka 1937.

Kope lina matabaka mawili. Mbele ni ngozi na msuli wa kufumbia. Nyuma ni tarso, bamba gumu linaloshika umbo la kope, na utando laini unaogusa jicho. Ukiziba pengo kwa ngozi tupu, itanywea, ijikunje na kukwaruza konea. Hughes aliazima tabaka la nyuma kwenye kope la juu la jicho hilohilo, ambako tarso ina kimo cha milimita 10 hivi. Ya chini haizidi sana 4.

Kope la juu hugeuzwa nje, tarso ikachanjwa milimita 4 kutoka ukingoni. Ukichanja karibu zaidi, kope la juu lenyewe litapinda. Tarso iliyo juu ya mchanjo huteremshwa na utando wake, ikashonewa kwenye pengo. Utando haukatwi, maana ndio unaoleta damu. Mbele hubandikwa ngozi iliyotolewa nyuma ya sikio, nayo hushika kwa sababu nyuma yake pana damu. Wiki kadhaa baadaye daraja la utando hukatwa, jicho likafunguka.

Wiki hizo ndizo zinazonipa wasiwasi. Tuseme mgonjwa ni mkulima wa Mazimbu, Morogoro, mwenye ualbino, aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa watu wenye ualbino Tanzania, saratani ya ngozi inayoongoza ni ya seli za skwamasi, na uso ndio unaoshinda juani. Uoni wake tangu utotoni ni hafifu. Jicho linaloshonwa likiwa ndilo zuri, atakaa kama kipofu mpaka daraja likatwe. Kukatwa kwenyewe kunamrudisha Dar es Salaam, karibu kilomita 200. Treni ya umeme iliyoanza 2024 imefupisha safari, lakini nauli yake na ya ndugu wa kumshika mkono bado ni mzigo. Asiporudi, jicho linabaki limefungwa.

Kwa mtu huyu naona heri upasuaji wa mara moja. Kipande cha tarso hutolewa kwenye kope la juu la jicho la pili, kikahamishwa bila mshipa wowote, na mbele kikafunikwa kwa ngozi na msuli vilivyosogezwa kutoka pembeni vikiwa na damu yake. Kanuni ni ileile: tabaka moja lazima liwe na damu ya kulisha jingine. Ngozi hiyo ya pembeni nayo ikaguliwe kwanza, kwani jua limeipiga vilevile. Na kabla ya sindano ya kwanza ya kushonea, mpatholojia awe amethibitisha kuwa kingo za kidonda hazina saratani. Pasipo na kipimo cha papo hapo, kidonda hufunikwa kwa dawa ya mafuta na bendeji majibu yakisubiriwa.

Jicho la pili nalo litaguswa na kisu, na mgonjwa aelezwe hilo kabla hajatia saini.