Pampu Iliyozama: Kuzunguka Si Kupona

Pampu ya bwawa la kuogelea ikizama kwenye maji ya mvua na kuungua kabisa, hasara ni ya mfuko tu. Imekufa, itang'olewa, itanunuliwa nyingine. Ya kuogopa ni ile iliyozama, ikaanikwa juani siku mbili, ikaungwa tena, ikazunguka. Mwenye nyumba akisikia mngurumo aliouzoea moyo hutulia, na jioni hiyohiyo watoto wamo majini.

Nachambua hapa kazi ya ukarabati iliyofanyika Mbezi Beach, Dar es Salaam, baada ya mvua za masika kujaza chumba cha pampu cha nyumba ya familia. Fundi aliyeitwa ni mtu wa utaratibu, na hatua zake nyingi zinafaa kuigwa. Moja aliiruka, nitaifikia.

Chumba chenyewe ni shimo la zege lenye mfuniko. Shimo hilo lina sababu yake: pampu ikikaa chini ya usawa wa maji ya bwawa, maji huifuata yenyewe na pampu haishiki hewa. Ubaya ni kwamba maji ya mvua nayo hufuata mteremko huohuo, na humo shimoni mafundi wa awali hurundika kila kitu: brika, taima, kontakta, transfoma ya taa za majini, na kifaa cha kutengeneza klorini kutokana na chumvi. Katika nyumba hii vyote vilikuwa vimelowa. Alama ya tope ukutani ilipita juu ya boksi la umeme.

Kabla ya kueleza alichofanya fundi, tupige hesabu kidogo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mota inayozunguka haijathibitisha lolote. Mota ya nguvu ya farasi mmoja hula takribani ampia 5 kwa umeme wa volti 230, na brika yake mara nyingi ni ya ampia 16. Brika hiyo imewekwa ili waya usiungue, mwili wa mtu haumo katika hesabu yake. Sasa chukulia kwamba maji ya tope yameacha njia ya unyevu kati ya nyaya zilizosukwa ndani ya mota na ganda lake la chuma, na njia hiyo ina ukinzani wa ohm 2,000. Umeme utakaovuja hapo ni kama miliampia 115. Brika haitausikia kabisa. Umeme huohuo ukipita kifuani kwa mtu, sekunde chache zinatosha kuuvuruga moyo. Na muda wote huo mota inazunguka, maji yanachujwa, na hakuna anayeshuku lolote.

Wengi hujibu kwamba nyumba ina ethi. Ni kweli, na ni lazima iwepo, lakini hesabu yake nayo ifanywe. Fimbo ya ethi iliyopigwa kwenye mchanga inaweza kuwa na ukinzani wa ohm 50. Kwa nyumba inayoitegemea fimbo hiyo peke yake, waya wa moto ukigusa ganda la mota moja kwa moja, umeme utakaoteremka ardhini ni 230 gawanya kwa 50, yaani ampia 4.6. Brika ya ampia 16 haikati kwa mzigo huo hata ukikaa hapo mwezi mzima, na ganda la mota litabaki na karibu volti zote 230 likimsubiri atakayelishika. Ndiyo maana kinachomlinda mtu hapo ni kile kifaa chenye herufi RCD au RCCB na kitufe cha kujaribia. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampia 30 lazima kikate, kwa sababu tofauti hiyo imepita mahali pasipotakiwa.

Historia ya ulinzi wa namna hii imeshikamana na mabwawa. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alipima ni umeme kiasi gani mtu anaweza kuushika na bado akaweza kuachia. Wastani aliopata ni miliampia 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Ukizidi hapo misuli hukaza na mkono haufunguki. Mwaka 1961 alibuni kifaa kinachokata kwa kiasi cha miliampia 5. Kanuni za umeme za Marekani zilipoanza kukidai mwaka 1968, zilikidai kwa taa zilizo chini ya maji kwenye mabwawa. Naona walianza mahali panapostahili. Mtu wa nchi kavu akipigwa shoti huenda akaanguka na kutengana na waya. Majini misuli ikikaza mtu huzama, bila kelele na mara nyingi bila alama mwilini, kisha watu husema alishindwa kuogelea. Anayejitosa kumwokoa kabla umeme haujazimwa anaweza kumfuata.

Turudi Mbezi Beach. Fundi hakushuka shimoni. Alikwenda kwanza kwenye swichi kuu, akazima, kisha akamuuliza mwenye nyumba: kuna jenereta, kuna inveta? Ilikuwepo inveta yenye betri, ya aina inayopokea mzigo yenyewe TANESCO wakikata. Hapo ndipo ajali nyingi hufichika siku hizi. Ukizima swichi kuu, inveta inadhani umeme umekatika, nayo inasukuma umeme wake kwenye nyaya zilezile unazotaka kuzishika. Aliizima pia, akaitenganisha na betri zake, akafunga boksi kwa kufuli na kubandika karatasi ya onyo. Kipimo alichotumia kilikuwa cha ncha mbili. Alikijaribu kwanza juu ya swichi kuu, ambako umeme wa TANESCO ulikuwa bado upo, akapima nyaya za pampu, kisha akarudi kukijaribu palepale pa kwanza ili ajue hakijafa katikati ya kazi. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa aliiacha kwenye mfuko wa vifaa. Kitaa kisipowaka hakijakuambia kwamba umeme haupo.

Maji yalitolewa kwa pampu ya petroli iliyokaa nje, mbali na mdomo wa shimo, kwa sababu moshi wa injini ndani ya shimo unaweza kuua haraka. Kapasita ya mota aliitoa chaji kwa kipande cha rezista chenye waya mbili zilizofunikwa. Wapo wanaoigusisha kwa bisibisi mpaka itoe cheche; cheche hiyo huharibu kapasita na inaweza kumuunguza mtu.

Kilichofuata kilimshangaza mwenye nyumba. Mota iliyotoka majini iliwekwa upenuni, ikafunguliwa, na fundi akaimwagia maji. Maji safi ya bomba, mengi, mpaka yaliyotoka yakawa meupe. Mwenye nyumba alidhani kazi sasa ni kukausha, na huyu anazidi kulowesha. Fundi alikuwa sahihi. Mvua inapoingia chumba cha pampu huchanganyika na maji ya bwawa yenye klorini na chumvi, na tope la barabarani. Ukikausha bila kuosha, maji yanaondoka lakini chumvi inabaki katikati ya nyaya. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa ya pwani, na mota iliyopimwa nzuri mchana wa jua huanza kuvuja usiku.

Ukaushaji ulifanyika kwenye karakana ya kusuka mota, ndani ya oveni yenye joto lisilozidi nyuzi 90, baada ya kung'oa beringi. Jua peke yake halitoshi, kwa kuwa unyevu umejificha ndani ya mifereji ya chuma ambako upepo haufiki. Joto kali nalo lina madhara yake: maji yaliyonaswa huwa mvuke ghafla na kupasua vanishi inayofunika nyaya.

Muda wote wa kukausha, fundi alikuwa akipima kwa mega, mashine inayosukuma volti 500 kati ya nyaya na ganda ili kuona kama umeme unapenya. Maltimita ya kawaida haiwezi kazi hii. Betri yake ndogo haina nguvu ya kufichua uvujaji unaojitokeza pale volti zinapopanda, na hapa mafundi wengi hudanganyika kwa nia njema. Nilikaa kuangalia namba za mega. Mwanzoni zilikuwa chini, kisha joto lilipopanda zikashuka zaidi. Asiyejua angekata tamaa, au angeondoa mota akidhani imeharibika. Ni jambo la kawaida: joto hupunguza ukinzani wa kihami, na unyevu unapoanza kutoka hupitia palepale kwenye nyaya. Baadaye namba hupanda, kisha hutulia. Kutulia ndiko kunakotafutwa. Kwa nyaya za nyumba kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohm 1. Kwa mota ndogo kama hii, mwongozo unaofuatwa na wahandisi ni megaohm 5 ikiwa na joto la nyuzi 40. Mota ilipovuka hapo na kutulia, ilipakwa vanishi upya, ikawekewa beringi mpya, sili mpya na kapasita mpya.

Binafsi ningenunua mota mpya. Ukijumlisha beringi, sili, kapasita, vanishi na oveni, akiba inayobaki kwa mota ya farasi mmoja ni ndogo, na kama maji yaliyoingia yana chumvi nyingi, kutu inaendelea kufanya kazi ndani kwa miezi. Lakini uamuzi wa fundi ulikuwa na kipimo nyuma yake, na huo siubezi.

Asichokubali kukikarabati ni boksi la umeme. Brika, RCD, kontakta, taima, vyote vilitupwa. Mwenye nyumba alipinga, kwa kuwa RCD ilikuwa bado inakata kitufe kikibonyezwa. Ndani ya kifaa hicho kuna koili ndogo na springi inayotakiwa kuruka kwa nguvu hafifu sana. Tope likikauka humo, leo itaruka na mwezi ujao itakwama, bila dalili yoyote kwa nje. Transfoma ya taa za majini nayo ilitupwa, na nadhani hiki ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Watu husema taa ni za volti 12 tu, hazina madhara. Volti 12 zinabaki 12 kwa sababu ya kihami kinachotenganisha pande mbili za transfoma. Kihami hicho kikilowa na kuharibika, volti 230 zinaweza kuvuka na kuingia kwenye taa iliyo ndani ya maji ya kuogelea, huku taa ikiwaka kama kawaida.

Boksi lilipofunguliwa kulionekana jambo lililotokea kabla ya mvua. Waya wa pampu ulikuwa umehamishwa ukaungwa moja kwa moja, ukiikwepa RCD. Mtu alikuwa amechoka na pampu "kukatakata". Ile RCD ilikuwa ikisema kweli kila ilipokata: sili ya pampu ilikuwa inavuja na maji yalikuwa yakiingia kwenye mota kidogo kidogo. Jibu lililotolewa ni kumnyamazisha shahidi. Familia hii iliogelea humo kwa muda usiojulikana bila ulinzi wowote wa kumfaa mtu, na mafuriko, kwa ubaya wake wote, ndiyo yaliyofanya boksi lifunguliwe.

Sasa lile aliloliruka. Alipima ethi ya pampu, akaridhika, akataka kuwasha. Ngazi ya chuma ya kushukia bwawani na vishikio vyake hakuvigusa. Viwango vya kimataifa vya umeme wa mabwawa vinataka metali zote zilizo karibu na maji, yaani ngazi, vishikio, nondo za zege, mabomba ya chuma na ganda la pampu, ziunganishwe kwa waya wa shaba ili zote ziwe na volti moja. Mtu huumizwa na tofauti ya volti kati ya vitu viwili anavyovigusa kwa pamoja. Ikiwa maji yana volti kidogo na ngazi haina, mkono unaoshika ngazi ndio unaofunga njia. Alipokumbushwa alipima, na waya wa ngazi ulikutwa umekatika kwa kutu chini ya kigae. Ukarabati wa kwanza ungekabidhiwa ukiwa na kasoro hiyo.

Baada ya kuunga waya huo, majaribio ya mwisho yalikwenda haraka. RCD ilipimwa kwa mashine yake: kwa miliampia 30 inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300, kwa miliampia 150 ndani ya milisekunde 40. Boksi jipya lilifungwa juu ya ukuta nje ya shimo, mbali na ukingo wa bwawa, na pampu ikabaki chini peke yake.

Kama una bwawa nyumbani na chumba chake cha pampu kimewahi kujaa maji, hata kama ni mwaka jana na kila kitu kinazunguka, zima umeme wa pampu na taa za majini leo, na usimruhusu mtu kuingia majini. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, au ya EPRA ukiwa Kenya. Mwombe akuandikie kwenye karatasi namba za mega, muda wa RCD kukata na hali ya waya wa ngazi. Akikujibu kwamba pampu inafanya kazi vizuri, tafuta fundi mwingine.