Kutoka Fumba hadi Bombay: Sauti ya Siti na Walioipokea

Mara kadhaa, tulipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule za sekondari juu ya ushairi, tumeulizwa kama taarabu ni sanaa yetu au ni mali ya Waarabu tuliyoiazima tukasahau kuirudisha. Swali hilo huulizwa kwa nia njema, lakini aghalabu muulizaji huwa amekwisha kujitayarishia jibu. Mmoja hutaka tumwambie kwamba taarabu ni ya kigeni, ili aiweke kando na utamaduni wa taifa. Mwingine hutaka tumhakikishie kwamba ni ya Kiswahili tupu, isiyoguswa na mkono wa mtu wa nje. Sisi tunaona kuwa wote wawili wamekosea njia, na badala ya kushindana nao kwa maneno ya jumla twapenda kumtazama mwanamke mmoja, tuone alipokea nini, kutoka kwa nani, na alimpa nani.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa, na jina hilo latosha kutueleza daraja ya watu aliotoka kwao. Nyumbani kwao walifinyanga vyungu, naye akiwa kijana alivibeba hadi mjini kuviuza, akivinadi njiani kwa sauti ambayo, kwa mujibu wa wanaosimulia, ilisikika mbali kabla mwenyewe hajaonekana. Hatukutaja jambo hili kwa ajili ya kupamba maneno. Anayenadi vyungu hana budi kujua namna ya kuvuta irabu hata ifike nyumba ya mwisho ya mtaa, na namna ya kupumua pasipo kukata maana. Siti alikwenda mjini kukaa yapata mwaka 1911, na huko ndiko alikofundishwa uimbaji wa Kiarabu na kuzoea ala. Lakini skuli yake ya kwanza ilikuwa barabara ya Fumba, na mzigo ulikuwa kichwani.

Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa ya watu wengine. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze muziki, na matunda yake yakaliwa katika jumba la kifalme, kwa Kiarabu. Mwaka 1905 waungwana wa mjini waliunda klabu ya Ikhwani Safaa, nayo pia ilikuwa ya wanaume na ya lugha hiyohiyo. Katika mahali kama hapo mwanamke wa shamba, mwana wa mfinyanzi, hakutazamiwa. Kulikuwako hata wimbo wa kumkejeli, uliomkumbusha kuwa alikuja mjini amevaa kaniki. Naye hakuujibu kwa ngumi wala kwa machozi, alijibu kwa wimbo, akawaambia wenye kejeli kuwa thamani ya mtu haipimwi kwa sura wala kwa nasaba. Majibizano ya namna hiyo ni ya asili kabisa katika ushairi wetu. Hapo hapana Misri wala Uhindi.

Basi Siti alifanya nini hasa? Husemwa kwamba "alitia maneno ya Kiswahili katika lahani za Kiarabu", kana kwamba ni mtu anayemimina maji kutoka mtungi hadi mtungi. Anayesema hivyo hajawahi kujaribu. Ubeti wa wimbo, kama ujulikanavyo pwani, una mishororo mitatu, kila mshororo una mizani 12 zilizogawanyika sita kwa sita, na una kina cha kati na kina cha mwisho. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiarabu hakiendi hivyo: silabi zake nyingi hufungwa kwa konsonanti, na nyingine hurefuka na nyingine hufupika kwa kanuni yake. Lahani iliyozaliwa katika lugha ile, ukiibandika juu ya mizani zetu bila hekima, hukaza pasipostahili kukazwa, na neno likageuka kichekesho. Katika santuri za Siti tunamsikia akingoja. Nusu ya kwanza ya mshororo huipitisha kwa wepesi, karibu na usemi wa kawaida, kisha kwenye kina huifungua irabu na kuizungusha, akarudi chini kwa utaratibu na kuanza nusu ya pili. Mapambo, yaani, huyaweka pale ambapo shairi letu lenyewe hupumzika. Kwa hiyo lahani ndiyo iliyoitii bahari ya Kiswahili. Na hilo ndilo tunaloliita kupokea. Kuiga ni jambo jingine.

Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone, ile iliyouza santuri kwa alama ya His Master's Voice, ilimpeleka Siti pamoja na wenzake Bombay, jiji ambalo leo huitwa Mumbai, wakarekodi nyimbo zao. Kabla ya hapo Unguja ilikuwa mahali pa kununua: santuri za Misri na za Uhindi zilishuka bandarini, watu wakazisikiliza, wakachukua walichopenda. Safari hii chombo kilikwenda upande wa pili. Yafaa pia tusijidanganye, kampuni ile haikuwa na mapenzi ya Kiswahili, ilitaka soko. Lakini soko lilipopatikana sauti ilivuka mipaka ambayo mwenye kuimba hakuwahi kuivuka kwa miguu. Santuri za Siti ziliuzwa kwa wingi Unguja, mrima na bara, na watu waliokuwa na lugha nyingine nyumbani walimsikia mwanamke akiimba Kiswahili katika kisanduku, jambo ambalo hapo nyuma lilikuwa la Kiarabu na Kihindi.

Hasara nayo ilikuwako, na mhakiki asiyeitaja hatendi haki. Upande mmoja wa santuri ya zamani zile uliweza kuchukua dakika tatu hivi. Barazani kwa Siti, kule Ng'ambo, ambako majirani walikusanyika usiku, wimbo haukupimwa kwa saa. Waliusikiliza, wakaufasiri, wakataka beti irudiwe, na pengine mwenye kisa chake akakileta kesho yake kikatungiwa wimbo. Santuri ilikata yote hayo. Ilichukua wimbo na kuacha baraza.

Miongoni mwa nyimbo zinazohusishwa na Siti, ule wa Kijiti ndio tungependa walimu waufundishe zaidi kuliko unavyofundishwa. Kisa chake ni hiki: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa matembezini usiku, akauawa. Mtu aliyetajwa kwa uovu huo alikimbia, wala mkono wa sheria haukumfika. Wanawake waliojitokeza mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa, kwa sababu ya pombe ya usiku ule. Wimbo hauhubiri. Unawaita watu watazame, unataja majina, unaingia mahakamani na kutuonyesha jaji na mashahidi. Neno moja lake limetushughulisha miaka mingi, nalo ni foliti, mchezo wa watoto wa kukimbizana na kugusana. Mtungaji amelitumia kwa ajili ya yale aliyofanyiwa yule mgeni. Kwa neno la kitoto lile uovu unaonekana mkubwa kuliko ambavyo ungeonekana kwa maneno kumi ya kulaani, kwa sababu msikilizaji hulazimika mwenyewe kuvuka kutoka mchezoni hadi kwenye maiti. Washairi wa leo wanaotumia mapiganio na laana katika kila ubeti wangefaa kulitazama neno hilo kwa makini.

Na nani aliyelitunga? Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Nyimbo za kundi lile, ambamo walikuwamo Subeti bin Ambari, Mbaruku Talsam, Budda bin Mwendo na Mwalimu Shaaban, zilitungwa kwa kushirikiana, tena kwa habari zilizoletwa na watu wa mtaani. Hatuwezi kumkata Siti mshororo wake na kumpimia kama tunavyompimia Muyaka. Lakini wimbo wa Kijiti ulihitaji kinywa cha mwanamke. Ungeimbwa na mwanamume ungekuwa habari. Ulipoimbwa naye, mbele ya wanawake waliojua kuwa kesho wangeweza kuwa mashahidi wale, ulikuwa ushahidi wa pili, na safari hii hapakuwapo jaji wa kuukataa.

Wanafunzi wetu humjua Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi yapata mwaka 1858, na huambiwa kuwa huo ndio ushairi wa mwanamke wa Kiswahili: wosia wa ndani, wa mama kwa mwana. Sisi tunauheshimu sana utendi ule. Hata hivyo kuufanya kipimo pekee ni kuwafungia wanawake wote chumbani mwa Mwana Hashima.

Marehemu Shaaban Robert alilijua hilo, ndiyo maana akaandika wasifu wa Siti, uliotoka kwanza mwaka 1958, miaka minane tu baada ya Siti kufariki. Tunamshukuru. Bila kalamu yake mengi yangepotea. Lakini tukikisoma kitabu leo, tunaona jinsi anavyofanya haraka kumpandisha Siti katika kilele cha maadili, akamfanya mfano wa subira, bidii na adabu, hata mara nyingine mwimbaji mwenyewe hatumsikii kwa wingi wa mafunzo. Wanawake waliomzunguka, waliomletea visa, waliojifunza kwake kwa kusikiliza nje ya dirisha, wamepata nafasi ndogo. Pengine ni ugonjwa wetu sisi washairi tuliokula mshahara wa serikali: tukimwona mtu mkubwa twataka kumwandikia barua ya sifa. Nasi tumewahi kuandika za namna hiyo, na baadhi yake tusingependa zisomwe tena.

Mmoja wa wale waliosikiliza alikuwa Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude. Yeye alizichukua nyimbo za Siti kwa sikio, akaziimba kwa maisha yake yote, pamoja na ule wa Kijiti. Na kando yake alikuwa mwalimu wa unyago, mpiga msondo, mrithi wa ngoma zilizofika Unguja pamoja na watu wa bara. Katika mwili mmoja, basi, zilikutana njia mbili: ya Misri na Bombay kupitia kwa Siti, na ya bara kupitia kwa masomo na wari wao. Wasiopenda kuchanganya mambo hawakujua wamweke wapi. Sisi tunaona kuwa sauti yake ya taarabu ilipata ukali wake unyagoni. Haipambi kama Siti, hukwaruza, na neno hulitupa kama kofi la ngoma.

Mwaka 2005 Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, naye aliimba katika nchi nyingi za mbali kabla ya kufariki Aprili 2013. Tulifurahi sote. Lakini tulisoma pia yaliyoandikwa juu yake ugenini, na mengi yalikuwa juu ya umri wake, ambao hapana aliyeujua kwa yakini, na juu ya sigara yake. Maneno ya nyimbo hayakujadiliwa. Santuri ya 1928, pamoja na ufupi wake, ilimpeleka Siti kwa watu walioelewa alichosema na waliojua kumjibu. Jukwaa la karne hii lilimpeleka Bi Kidude kwa watu waliompigia makofi kwa kile ambacho hawakukisikia. Hatuwalaumu wasikilizaji wale kwa kutojua Kiswahili. Tunawalaumu wenzetu waliokuwa na wajibu wa kufasiri, nao wakatosheka na picha. Wanawake wanahabari wa nchi hii, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1987, walipoliita jarida lao Sauti ya Siti walionyesha kuwa wameelewa jambo hili vizuri zaidi kuliko sisi watu wa fasihi.

Limebaki jambo moja la Siti ambalo wasifu haukuligusa kama lilivyostahili. Aliimba yeye, ala wakapiga wanaume. Udi, kanuni na fidla vilikuwa mikononi mwao, na kwa muda mrefu baada yake katika makundi mengi hali ilikuwa hiyo: mwanamke alipewa sauti akanyimwa uzi. Mwaka 2009 Bi Maryam Hamdani aliunda Unguja kundi la Tausi, ambamo wanawake hupiga ala wao wenyewe. Tuliwahi kuketi pembeni wakati wa mazoezi ya wanawake wapigaji, kundi ambalo hatutalitaja kwa kuwa hatukuwa tumealikwa. Msichana mmoja, hajapata miaka 20, alikuwa akikaza nyuzi za kanuni, ambazo huzidi 70, na kila alipomaliza safu moja ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kulegea. Mwimbaji alikuwa tayari, fidla ilikuwa tayari, na wote walikaa kimya wakimngoja.