Besi inayokwaruza: kuisoma likembe ya Konono N°1

Anayeiweka albamu ya Congotronics (2004), ya kundi la Konono N°1 la Kinshasa, hukutana kwanza na mkwaruzo. Likembe tatu (ala za ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole), ya juu, ya kati na ya besi, zinapigwa zote kwa umeme, na sauti inafika ikiwa imechanika. Wapo wanaouhesabu mchaniko huo kuwa ubovu wa vyombo. Mimi naona ndio uliopanga jinsi besi inavyotungwa.

Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa kundi, alijitengenezea pikapu, yaani kinasa sauti cha ala, kwa sumaku za vipuri vya magari. Ulimi wa chuma ukitetemeka karibu na sumaku yenye waya uliozungushwa, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya huo. Pikapu ya namna hiyo husikia chuma, na ubao huusikia kidogo sana. Noti inaanza kwa ukali, kisha amplifaya iliyolemewa inaikwaruza. Lakini likembe za zamani nazo huvalishwa vipete vya waya kwenye ndimi ili zivume. Umeme umeukuza mvumo ambao wazee waliutafuta kwa mikono yao.

Ndiyo maana besi ya Konono hurudia kifungu kifupi. Mkia wa kila noti ni mrefu na mzito, na kifungu kinauachia nafasi. Ingetembea kwa noti nyingi kama besi ya rumba, mikia ingepandana na mdundo ungezama.

Mpiga kontrabasi huanzia upande wa pili. Pikapu yake ya pieso, iliyobanwa kwenye daraja la nyuzi, husikia mgandamizo na kidole kuliko tumbo la mbao. Akiichomeka kwenye amplifaya yenye ukinzani mdogo wa kuingilia, noti za chini ndizo zinazopotea kwanza. Hivyo hutafuta priampu yenye ukinzani wa kuingilia wa hadi omu milioni 10, na wengine huongeza maikrofoni ili kurudisha mbao. Yeye anaudai waya umletee chombo kizima. Mingiedi alitunga kwa kile ambacho waya ulimletea.

Hapa Uvira, kati ya ziwa na milima ya Mitumba, besi ya kwaya ikikoroma kwenye spika mkono hukimbilia kitufe cha kuishusha. Ningeomba kwanza kifungu chenyewe kipunguzwe noti mbili, kisha tusikilize tena.