Mwako Usio Mlipuko: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Astronomia ya Eksirei na Gama katika Pwani ya Waswahili

Masimulizi mengi ya Kiswahili kuhusu setilaiti ya Uhuru huishia pale ambapo yangepaswa kuanza. Tunaelezwa kwamba ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi. Kwamba siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Na kwamba jina lilitokana na maadhimisho hayo. Baada ya hapo msimulizi hunyamaza. Kile ambacho setilaiti hiyo ilikiona hakitajwi, na kinapotajwa hupotoshwa na maneno mawili yaliyozoeleka, yaani pacha na mlipuko.

Neno la kwanza halihitaji mjadala mrefu. Pacha ni watoto wa mimba moja, wa rika moja, na aghalabu hufanana. Chanzo kiitwacho Centaurus X-3, ambacho Uhuru ilikibaini kuwa kinapigapiga kila baada ya sekunde 4.8 na kufichwa kila baada ya siku 2.1, ni nyota kubwa inayozungukana na mabaki mazito ya nyota iliyokwisha kufa, na mabaki hayo yanainyonya hai ile. Ni upacha gani huo? Jozi latosha.

Mlipuko ndilo neno lenye madhara makubwa zaidi, na kisa cha Cygnus X-3 kinaonyesha sababu. Jozi hii iko mbali nasi kwa zaidi ya miaka ya nuru 20,000, na nyota zake huzungukana kwa muda wa saa 4.8 tu. Novemba 1972 jukwaa lile lile la Ngomeni lilirusha setilaiti ya SAS-2, iliyopima miali ya gama kwa takriban miezi 7. Mwaka 1977 watafiti wake walitangaza kwamba Cygnus X-3 hutoa gama inayopanda na kushuka kwa mzunguko huo wa saa 4.8. Setilaiti ya Ulaya, COS-B, ilitazama upande huo huo kwa miaka kadhaa isione kitu, na dai la SAS-2 likatiliwa shaka. Mwaka 2009 ndipo timu mbili, ya AGILE ya Italia na ya Fermi ya Marekani, zilipotoa ushahidi usiopingika: gama ipo, lakini huja kwa vipindi. Jozi hubadili hali yake ya eksirei, gama hupanda kwa siku moja au mbili, kisha hufifia; mara nyingi siku chache baadaye mawimbi ya redio huongezeka kwa nguvu, ishara ya mchirizi wa mata unaofyatuliwa kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Ugunduzi huo hauthibitishi vipimo vya 1977, lakini unaonyesha jinsi chombo kimoja kingeweza kuona na kingine kikose.

Msomaji anayeambiwa kwamba pale palitokea mlipuko hawezi kuufuata mgogoro huo hata kidogo. Kilicholipuka kimekwisha, hakirudii, wala hakuna haja ya kukivizia. Kinyume chake, moto wa kandili huwaka ghafla ukapanda, ukashuka, na kandili ikabaki mahali pake. Ninapendekeza mwako wa ghafla, kwa kuwa mwako pekee umeshachukuliwa na wanakemia kwa maana ya kuungua. Wapo watakaopenda mmweko. Lakini umeme wa radi ndio humweka, nao haudumu siku mbili.

Suala hili si la wataalamu wa kamusi peke yao. Data za AGILE zilikuwa zikipokelewa katika kituo cha Malindi, kwani chombo hicho kilizunguka karibu sambamba na ikweta hadi kilipoanguka Februari 2024. Kila siku kilipita mara 14 hivi juu ya pwani hii, Ras Kamboni ikiwemo, kiasi cha kilomita 200 kaskazini-mashariki mwa Ngomeni, ambako Wabajuni huzungumza lahaja ya Kiswahili upande wa Somalia wa mpaka. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inaitaja Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa lugha ya pili, Kiswahili hakimo. Hata hivyo, Somalia ilikamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024, nayo Jumuiya ilikwisha kukifanya Kiswahili lugha yake rasmi mwaka 2021. Kwa mara ya kwanza, kitabu cha sayansi kilichoandikwa Dar es Salaam au Nairobi kina njia ya kisera ya kufika darasani Ras Kamboni.

Kwa hiyo washauri wa sera wasitosheke na kuhesabu istilahi zilizosanifiwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingefaa ipime kila istilahi kwa swali moja: je, neno hili linamwezesha msomaji kuelewa kwa nini COS-B haikuona kitu? Pacha halihusiki na swali hilo. Mlipuko linashindwa, na libaki kwa supanova.