Shujaa na Sanduku: Dhima ya Muziki katika Raiders of the Lost Ark

Katika uhakiki wa filamu, muziki aghalabu huchukuliwa kuwa pambo tu, kitu cha kuchochea msisimko pale picha inapolegea. Mtazamo huu hautoshi mintarafu ya Raiders of the Lost Ark (1981), filamu ya Steven Spielberg ambayo muziki wake ulitungwa na John Williams na kupigwa na London Symphony Orchestra. Makala haya yanadai kwamba muziki huo ni msimulizi kamili, na kwamba hufikia kilele cha usanii wake si pale unapomtukuza shujaa bali pale unapomwacha.

Miongoni mwa mahadhi kadhaa ya filamu hii, mawili ndiyo yanayobeba mgogoro. Mahadhi ya Indiana Jones ni gwaride la tarumbeta, changamfu na lenye majigambo. Mahadhi ya Sanduku la Agano ni mazito na ya polepole; msikilizaji hajui kama yanaashiria baraka au laana.

Gwaride hilo linacheleweshwa kwa ustadi. Huko Peru, mwaka 1936, shujaa anaingia hekaluni, anaitwaa sanamu ya dhahabu, ananyang'anywa na mpinzani wake Belloq, kisha anafukuzwa na wenyeji. Ni pale tu anapobembea kwa mmea unaotambaa na kujitupa mtoni, akiikimbilia ndege, ndipo tarumbeta zinapomtangaza. Punde si punde yu ndani ya ndege akipiga kelele kwa kuogopa nyoka. Kejeli hiyo inapendeza, ila ina gharama yake: mtazamaji anashangilia pamoja na tarumbeta, na kusahau kwamba wanaomfukuza shujaa ndio wenye sanamu.

Katika tukio la kulifukuza lori jangwani, gwaride linageuzwa kuwa kipimo cha bahati. Shujaa anapopata nafasi, kipande chake husikika. Anapotupwa nje na kuburutwa nyuma ya gari, hukatika na kumezwa na mdundo wa ala nzito. Hapa muziki unasimulia pigano kwa uwazi usiohitaji neno hata moja.

Hata hivyo, tukio lililo bora kuliko yote ni lile la Chumba cha Ramani huko Tanis, Misri. Shujaa, akiwa amevaa kanzu, anasimika fimbo yenye medali na kungoja jua. Mwali unatambaa juu ya mfano wa mji wa kale. Mahadhi ya Sanduku yanaanza kwa sauti ya chini, nyuzi zinapanda, kwaya inajiunga, na jua linapoipiga medali okestra nzima inafunguka. Hakuna mazungumzo, wala gwaride. Mwenye ujuzi wote wa akiolojia amegeuka mtazamaji tu, na muziki umekitambua kitu kinachotafutwa kuwa kikubwa kuliko mtafutaji.

Mahadhi hayo yanaporejea Sanduku linapofunguliwa, yanafanya kazi ya wimbo unaorudiwa katika ngano: sauti ni ile ile, lakini uzito wake umebadilika kwa sababu ya yaliyotokea katikati. Uzuri wa Chumba cha Ramani sasa ni kitisho. Shujaa amefungwa mtini, macho ameyafumba kwa hiari. Gwaride lake halina la kusema. Hata katika ghala la mwisho, ambamo Sanduku linafichwa kati ya makasha yasiyo na idadi, ni mahadhi ya Sanduku yanayosindikiza picha. Gwaride linangoja orodha ya majina.

Kasoro moja haiwezi kufumbiwa macho. Wachimbaji wa Kimisri, ambao jasho lao ndilo linaloifukua Tanis, hawakupewa mahadhi yao wenyewe. Wamepewa rangi ya mahali tu. Katika hili mtunzi hakuuvuka mpaka wa fasihi ya safari na hazina, ambamo mwenyeji ni sehemu ya mandhari.

Lakini ndani ya mpaka huo muziki umesema jambo ambalo gwaride pekee lisingeweza kulisema. Umemwimbia mchukuaji wa mali ya wengine, kisha ukamnyamazisha mbele ya kisichomilikiwa na mtu. Anayeukumbuka kwa tarumbeta zake tu amesikia nusu ya hadithi.