Majuto Bila Sauti

Desemba moja, katika basi la Rombo lililosheheni abiria wanaorejea kwao kula Krismasi, spika zilikata kabla hatujafika Same, na ile runinga ndogo iliyotundikwa nyuma ya dereva ikaendelea kumwonyesha marehemu Amri Athumani, yule aliyejulikana kote kwa jina la King Majuto, akigombana na kijana mmoja ambaye hatukumsikia. Walakini watu hawakuacha kucheka. Mama mmoja aliyepakata kikapu cha zawadi alicheka hata akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, ilhali hapana neno hata moja lililokuwa limetufikia.

Ustadi ule, kwa fikra yangu, haukutokana na filamu. Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kupanda jukwaani mwaka 1958, angali mtoto, miongo mitatu na ushei kabla ya Tanzania Bara kupata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994. Na vichekesho vya jukwaani aghalabu havikuwa na maandishi: waigizaji waliafikiana kisa tu, nani amdai nani na nani atafumaniwa, kisha maneno yakazaliwa papo hapo mbele ya hadhira, katika kumbi na mabaa ambamo mchekeshaji hushindana na mlio wa chupa na soga za walioketi nyuma, basi neno lililopotea hewani sharti lifidiwe na bega, shingo, au kofia iliyosukumwa upande.

Nilimtazama kwa makini. Kijana aliposema, mzee hakujibu upesi: kwanza uso ulikauka, kisha macho yakahama kwenda pembeni mfano wa mtu atafutaye shahidi, ndipo midomo ikafunguka. Jukwaani kitambo hicho kina kazi yake, maana ukijibu kabla kicheko hakijapoa, jawabu lako humezwa. Mbele ya kamera hakuna wa kungojwa, na wengi waliotoka jukwaani, kwa kuuogopa ukimya, hukimbiza maneno. Yeye alikibakiza kitambo kile akakijaza uso wake, na kicheko cha basi zima kikaangukia humo humo.

Si kwamba kila filamu yake imenipendeza. Nyingine hurefuka mno, kwa kuwa maneno ya papo kwa papo huhitaji hadhira ya kukuonya kwa miguno kwamba yatosha, na kamera haichoki wala haiguni. Kwa sababu hiyo nayastahi zaidi matangazo yake ya biashara katika televisheni, kazi ambayo wengi huidharau: sekunde chache, kisa kianze na kwisha, na mtazamo mmoja wa pembeni ubebe mzigo wote. Aliaga dunia Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, na mikanda yake ingali ikisafiri.

Himo tuliiacha barabara kuu, tukapanda Marangu, na tulipokaribia Mkuu konda akafaulu kuziamsha spika. Sauti ikarejea, filamu ikiwa ukingoni.

“Pale mwanzo alikuwa anasemaje?” mama akauliza.

Kijana aliyeketi kando yake, ambaye naye hakuwa amesikia lolote, akamjibu, “Ngoja nikwambie, mama,” akamsimulia ugomvi wote, neno kwa neno, na mama akacheka upya.